Mjusi wanaomsifia wote sio wangu wote, Mjomba nifanyeje?

Shikamoo Mjomba,

Naomba usitaje jina langu wala kijiji maana watu wa kwetu wanakusoma sana, wakiniunganisha tu nimekwisha. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu ni Lindi ndani ndani huko ila naishi Mbagala kwa dada yangu, nafanya kazi steshenari, yani fotokopi, kuchapa barua, kuwajazia watu fomu za mtandaoni, ndo kazi yangu hiyo.

Mwaka jana mwezi wa sita alikuja mwanafunzi kuprinti kazi yake ya shule, ndani ina picha ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru kule kwetu Lindi, aliyeko makumbusho ya Berlin, Ujerumani. Nikajikuta nimesimama tu na karatasi mkononi mpaka mtoto wa watu akaniuliza dada vipi. Yule mjusi nimemsikia tangu nikiwa mdogo. Mama anasema babu yake bibi alikuwa kwenye wale wapagazi waliobeba mifupa kutoka Tendaguru mpaka Lindi mjini kwa miguu, siku nne, mzigo begani, Wajerumani wakaipakia melini ikaenda. Hatuna picha yake huyo babu, hatuna kaburi lenye jina, tuna hiyo stori tu. Na mimi nilikuwa sijawahi kumtazama huyo mnyama vizuri.

Usiku ule nikaanza kutafuta tafuta nikaona kumbe kuna watu wanachonga wanyama kwenye kompyuta, unaanza na mpira kwenye skrini unauvuta unaukandamiza kama udongo mpaka unakuwa kitu. Nikaishusha Blender, programu ya kuchongea hivyo, kwa sababu ni ya bure. Bosi wangu ni mtu mzuri, akaniruhusu nitumie kompyuta ya dukani baada ya kufunga, saa mbili mpaka saa nne usiku. Nimejifunza kwa video na bando la usiku, nimekesha sana Mjomba. Nikajua brashi ya kuvuta, ya kuongezea udongo, ya kulainisha, nikajua kuwasha simetri ili ukichonga mguu wa kushoto na wa kulia ujichonge wenyewe. Lakini mjusi hatoki. Shingo nikiivuta inakuwa nyembamba kama utumbo, miguu inajipinda, nikiongeza meshi, yani vile vipande vidogo vidogo vinavyounda umbo, ili nipate ngozi kompyuta inaganda nazima nawasha naanza upya.

Baada ya kama miezi miwili hivi nikachoka. Nikakuta mtandaoni dinosaria wa shingo ndefu ameshachongwa, unamshusha bure. Nikamfungua kwenye Blender, nikamrefusha shingo, nikambadilisha kichwa, nikamjaza mikunjo ya ngozi kama ya tembo, nikampaka rangi ya udongo mwekundu wa kwetu. Picha moja ilichukua dakika 40 kutoka lakini ilivyotoka Mjomba, alikuwa anapumua. Nikaituma kundi la familia.

Mama alituma sauti analia. Anasema babu yake bibi angeona hii. Baba mdogo akaniuliza umemchonga mwenyewe? nikajibu ndiyo. Neno moja tu hilo. Akaituma kwenye kundi la chama chetu cha watu wa nyumbani tulioko Dar, kabla ya asubuhi watu 60 wameshampongeza mtoto wao. Kuna mzee pale, mwalimu mstaafu, ndo alimfundisha mama yangu darasa la tano, akanipigia simu mwenyewe. Akasema mwanangu tunamtaka huyu mjusi aprintiwe akae shule yetu ya sekondari, watoto wa kule hawajawahi kumuona mnyama aliyetoka kwenye ardhi yao. Wakachanga, 350,000. Fundi wa kuprinti 3D, yani mwenye mashine inayotoa umbo zima la plastiki, aliniambia 230,000 kwa mjusi wa sentimita 50. Na chini kutakuwa na kibao, mzee ameshaandika maneno: Kimechongwa na binti yetu, halafu majina yangu yote matatu.

Hapo kwenye hela kuna kingine. Nilitoa elfu 85 nikanunua RAM, ile kumbukumbu ya kuongeza kompyuta isigande, nikajiambia ni kwa ajili ya kazi hii hii. Sijamwambia mtu.

Kwa sababu tangu siku ile nalala vibaya, nikaanza tena mjusi wangu kutoka mwanzo, kwenye mpira mtupu. Huu mwezi wa nne. Nimekutumia picha zote mbili ujionee mwenyewe, wa kwanza ni ule wanaousifia, wa pili ni wangu. Wangu ni mbaya Mjomba. Mabega yamepanda kama anaogopa, miguu ya mbele mirefu mno, ngozi haina hata mkunjo. Nikiiweka karibu na ile ya kwanza natamani kufuta faili.

Makabidhiano ni baada ya wiki tano. Rafiki yangu anayetengeneza matangazo anasema nyamaza, kila mtu anafanya hivo, hakuna mchongaji anayeanza na mpira. Dada anasema sema ukweli leo leo. Mimi nikishika simu nimpigie mwalimu naona sura ya mama. Nifanyeje? Na je mimi ni mchongaji au ni mwizi tu wa picha?

Binti wa Mbagala

*

Marahaba mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu na picha zako nimezifungua kwenye kompyuta ya kijana wangu ili nizione kubwa, maana kwenye simu zilinidanganya. Nitaeleza.

Kwanza nirudie nilichokielewa uniambie kama nimekosea. Ulipenda kitu kwa moyo wako wote, ukajifunza usiku baada ya kazi, ukafika mahali mikono haifuati moyo, ukachukua mwili uliochongwa na mtu mwingine ukaweka juu yake kazi yako. Hapo hakuna aliyeumia. Kisha ukaulizwa swali ukajibu ndiyo, na ile ndiyo ikapanda basi ikaenda Lindi bila wewe. Sasa kuna mama aliyelia, kuna mwalimu mwenye kibao, kuna pesa ya watu, na kuna elfu 85. Umeniuliza kama wewe ni mchongaji au mwizi. Naomba hilo swali tuliweke pembeni kidogo, nadhani limekuja mapema na linakuzuia kuona mengine.

Mimi nimekulia kwenye vumbi la mpingo. Baba alikuwa anachonga Mwenge, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka kinyago kinang'aa. Watu wakija kununua wanaona kinyago kimoja na mzee mmoja, lakini kile kipande kilipita mikononi mwa watu watatu wanne. Kuna aliyekata gogo, kuna aliyelipiga tezo likapata umbo la kwanza, baba anaingia na patasi kwenye nyuso na vidole, halafu sisi watoto na msasa. Kilikuwa cha nani? Baba angekwambia changu, na hakuwa anadanganya, kwa sababu pale Mwenge kila mtu alijua kazi inavyokwenda. Lakini mteja hakujua. Niliwahi kumuona baba anagundisha mkono wa kinyago uliovunjika kwa gundi na unga wa mpingo mpaka huoni mstari, mteja mmoja akamwambia, mwingine akamuuzia kimya. Nilimuuliza kwa nini yule umemwambia na huyu hujamwambia, hakunijibu. Mpaka leo sijui nimhukumu vipi, na nilimpenda sana.

Kwa hiyo rafiki yako wa matangazo hajakosea kabisa. Nimemuuliza kijana wangu ambaye Blender ndo inamlipia kodi, akanionyesha kuwa hata wenyewe wanaotengeneza Blender wanagawa bure miili ya watu iliyokwisha kuanzwa, vichwa, mikono, miguu, ili mchongaji aanzie hapo asianzie kwenye mpira. Na imewekwa kwa leseni inayokuruhusu kufanya lolote bila hata kutaja ilikotoka. Kwa hiyo hiyo imani uliyonayo kwamba mchongaji wa kweli lazima aanze na mpira mtupu, sijui umeitoa wapi, labda kwenye video zako za usiku, ila mafundi wenyewe hawaishi hivyo.

Lakini rafiki yako amejibu swali moja ukadhani amejibu mawili. Kuanzia kwenye mwili wa mtu ni jambo moja. Kuulizwa umemchonga mwenyewe ukasema ndiyo ni jingine.

Na kuna kitu nimekiona kwenye barua yako nakwambia kwa upole mpwa wangu usije ukakasirika. Umemtaja mama, umemtaja dada, bosi, baba mdogo, mwalimu, fundi wa kuprinti, hata yule mwanafunzi aliyekuja na kazi ya shule. Yule aliyeuchonga ule mwili hujamtaja hata mara moja, umeandika "ameshachongwa", basi. Amechongwa na nani? Yuko mtu mahali fulani alikesha kama wewe. Nakuuliza hivi kwa sababu wewe wa watu wote unajua. Ile mifupa ilichimbwa kuanzia 1909 mpaka 1913, miaka miwili tu baada ya vita ya Maji Maji kwisha na watu wa Kusini wakiwa bado wana makovu na njaa. Mamia ya watu walichimba, maelfu ya mizigo ikabebwa mpaka Lindi, zaidi ya tani 200 zikavuka bahari. Mwaka 1914 Janensch, mtaalamu wa Kijerumani aliyeongoza uchimbaji, akampa yule mjusi jina la mkurugenzi wa makumbusho yake, Branca, mtu ambaye hakubeba hata jiwe. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, alisubiri mpaka 2007 ndo jina lake likawekwa kwenye dinosaria mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Wamwera, watu wa kule kule, nao wakasubiri mpaka 2019, ndo mwingine akaitwa Wamweracaudia, yani mkia wa Wamwera. Babu yake bibi yako bado anasubiri. Sisemi wewe umefanya kama wao, kosa lako na lao havilingani hata kidogo. Nasema tu huenda hicho ndicho kinachokunyima usingizi kuliko hiyo aibu unayoiogopa.

Sasa fanya kitu kimoja kabla ya kuamua lolote, rudi ulikomshusha usome leseni. Najua hukusoma, karibu hakuna anayesoma. Zipo zinazoruhusu kila kitu. Zipo zinazosema tumia, badilisha, hata uza, ila mtaje mwenyewe. Zipo zinazokataza biashara, na zipo zinazokataza usimbadilishe ukamgawa, hiyo ya mwisho ingekuwa na shida kwako kwa sababu wewe umembadilisha. Na ukikuta aliyemuweka pale naye kamchomoa kwenye gemu la watu, basi huyo usimpeleke shuleni kabisa. Mwandikie mwenye kazi kama unampata, mwambie ni shule, mwambie ni Lindi kulikotoka mifupa. Huwezi jua atasema nini, anaweza asijibu, ila angalau utakuwa umejua jina lake.

Turudi kwenye picha sasa, hapa ndo nilitaka kufika.

Umeniambia wako ni mbaya kwa sababu mabega yamepanda na miguu ya mbele ni mirefu mno. Mpwa wangu, mjusi wa Tendaguru ndivyo alivyo! Siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan, yani jitu la twiga, kwa sababu hiyo hiyo, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unashuka kuelekea mkiani, shingo inapanda juu kama twiga, pale Berlin kichwa kiko mita 13 na kitu kutoka chini. Ule mwili ulioushusha wewe, kijana wangu aliutazama akasema huyu ni wa jamii ya Diplodocus, dinosaria mwingine wa shingo ndefu, mgongo umelala, nyonga ziko juu ya mabega. Ulimrefusha shingo lakini mwili ulibaki wa mnyama mwingine. Na nyayo za mbele zina kucha nyingi kama za tembo, wakati hawa walisimama kwenye mifupa ya kiganja iliyopangwa wima kama nguzo, na kucha moja tu, ya kidole gumba, upande wa ndani. Hiyo mikunjo ya tembo nayo tumezoea kuiona tu, ngozi za jamii hii zilizopatikana kwenye mawe zina vigamba vidogo vidogo.

Halafu nikaangalia wako. Nyonga chini, mabega juu. Inaonekana wakati ule wa kwanza ulitazama modeli, na wakati wa pili ulitazama mifupa. Sijui kama ulifanya kwa makusudi au jicho lako lilijifunza lenyewe, ila jicho limekua, ni mkono tu haujalifikia, na hiyo huwa inauma sana maana unaona kila kosa.

Simaanishi umekwisha kuwa mzuri. Shingo ina uvimbe katikati, kifua kimekatika ghafla, na mkia umeusahau. Kijana wangu alinipa maneno ya kukupa nayaandika kama alivyosema: weka mchoro wa mifupa wa ubavuni nyuma ya kazi yako, usichonge kwa kumbukumbu. Usivute shingo kutoka kwenye mpira mmoja ndo maana inakuwa utumbo, weka mipira mingi, ya kifua, ya nyonga, mfululizo wa midogo ya shingo, pingili zake zilikuwa 13 kwa hiyo unaweza hata kuhesabu, ikikaa sawa ndo uiunganishe iwe mwili mmoja kwa rimeshi, unabonyeza Kontroli na R. Kaa kwenye meshi chache muda mrefu mpaka umbo limekubali, hata kompyuta haitaganda, ngozi iwe ya mwisho kabisa. Na mzungushe, umtazame kwa mbele na kwa juu, wanaoanza wanachonga ubavu tu wakigeuza wanakuta mnyama bapa kama samaki wa kukaangwa.

Basi njia ziko ngapi mbele yako? Nitatembea nawe kwenye kila moja ila sitakuchagulia.

Unaweza kunyamaza. Najua unaitamani, na sitasema haiwezekani, watu wengi wamekufa na siri kubwa kuliko hii. Mama atabaki na furaha yake. Ila fikiria yule mjusi atakaa pale shuleni miaka, na kile kibao chenye majina yako matatu kitakaa naye, na ipo siku mtoto wa kidato cha pili mwenye simu atamtafuta dinosaria mtandaoni akamkuta huyo huyo. Mtoto kama ulivyokuwa wewe na ile karatasi mkononi. Na hata asipomkuta mtu, wewe utakuwa unajua kila ukienda nyumbani likizo.

Unaweza kusema kwenye kundi zima kama dada anavyotaka. Hiyo ni ya haraka na ni safi, lakini watu 60 kwenye simu ni watu 60, wengine hata hawajui modeli ni nini, watasikia neno moja tu, amedanganya, na mama yako atalisikia akiwa peke yake jikoni. Kama utakwenda huko ningependa mama awe amesikia kutoka mdomoni mwako kabla, kwa sauti yako, sio kwa kusoma. Ila tena wewe ndo unamjua mama yako, kuna mama akiambiwa kabla ndo atakuzuia usiseme.

Unaweza kwenda kwa mwalimu peke yake. Ana heshima kwenye kundi na alikupigia mwenyewe, hakutuma mtu. Hofu yako ni kwamba atasononeka, na anaweza kweli. Anaweza pia kukwambia tuache hivi hivi mwanangu mambo yameshafika mbali, halafu ukabaki na siri ya watu wawili badala ya mmoja, ulifikirie hilo kabla hujapiga simu, utamjibu nini akisema hivyo? Lakini nakuuliza pia, umejuaje anachokitaka? Kwenye barua yako alisema watoto hawajawahi kumuona mnyama aliyetoka kwenye ardhi yao. Hakusema nataka mtu aliyeanza na mpira. Huyo ni mwalimu wa maisha yake yote, ameshasahihisha madaftari mengi yaliyonakiliwa na anajua tofauti ya mtoto aliyenakili akalala na mtoto aliyenakili kisha akarudi usiku kujaribu mwenyewe miezi minne.

Na kuna yale makumbusho ya Berlin yenyewe. Yule mjusi aliyesimamishwa 1937 unayemuona kwenye picha sio mnyama mmoja. Mifupa ni ya wanyama zaidi ya mmoja imeunganishwa, kichwa ulichokiona pale juu ni nakala, na baadhi ya pingili ni za kutengenezwa kwa plasta. Na bado ni kitu cha kweli, kinaheshimika dunia nzima, kwa sababu walioandika kuhusu yeye walieleza kipi ni mfupa, kipi ni plasta, kipi kimetoka shimo lipi. Nimelifikiria sana hili nikikuandikia. Kile kibao cha mwalimu kina mstari mmoja. Sijui kama lazima kiwe na mmoja.

Unaweza kupeleka wako. Hiyo nayo ina gharama zake, wiki tano ni chache kwa mtu anayefanya kazi mpaka saa mbili usiku, na ukiharakisha utamchukia. Kuna mambo ya kuprinti pia, shingo ndefu na miguu myembamba kwenye plastiki huvunjika, itabidi umprinti vipande uunganishe, meshi lazima iwe imefungwa haina tundu, na ile plastiki ya kawaida inalainika kwenye joto, usimwache kwenye gari juani Lindi ile. Au uombe makabidhiano yasogezwe mbele, ila hapo utaulizwa kwa nini. Au uwapeleke wote wawili, sijui fundi atakubali kwa bei gani.

Sasa hela. Hapa nitakuwa mzito kidogo kuliko kwenye modeli, unisamehe. Ule mwili ni kitu ambacho watu wa fani wanaweza kukaa wakabishana usiku mzima. Elfu 85 ya mchango haibishaniwi. Mimi naamini kabisa uliinunua RAM kwa ajili ya kazi, na pengine ungewaomba wangekubali, kompyuta ndo tezo yako. Ila wao walichanga kwa ajili ya kuprinti, na watu wa chama huwa wanasomewa mapato na matumizi. Hesabu yako inakaa vizuri hata sasa, 350 toa 85 inabaki 265, fundi anataka 230. Kwa hiyo haujakwama. Ila hesabu kukaa vizuri na watu kujua ni mambo mawili. Unaweza kuirudisha kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya siku, unaweza kuiandika kama ilivyo na risiti ukaipeleka kwa mweka hazina. Ukiirudisha kimya kimya itakutoa kwenye deni lakini bado utakuwa umebeba kitu. Ukiiandika, mtu atauliza RAM ya nini wakati mjusi alishakwisha, na hapo stori yote itatoka hata kama hukupanga itoke, kwa hiyo usiitazame hela peke yake, imefungwa na lile lingine.

Nisikufiche, ningekuwa baba yako ningekuwa na wasiwasi zaidi na ile faili unayotamani kuifuta kuliko na kibao. Usiifute. Iweke hata kwenye flashi mbili. Hata kama utaamua kunyamaza, hata kama utaamua kusema yote, ule mnyama wa mabega ya juu ni wako na umemtoa kwenye mpira mtupu baada ya kuinuka kwenye mashine ya fotokopi.

Jambo la mwisho. Umesema babu yake bibi hana picha wala kaburi lenye jina. Je jina lenyewe mama analo? Hukuliandika, labda ulikuwa unaficha ukoo, ila kama hulijui muulize, na bibi kama yupo muulize wiki hii, usisubiri. Sijui litakusaidia nini kwenye uamuzi wako, ila kama kutakuwa na kibao chochote pale shuleni nadhani ungependa kuwa nalo mkononi.

Niandikie tena. Na unitumie picha ya mjusi wako akitazamwa kwa mbele, ulinitumia ya ubavuni tu.

Mjomba wako